Ramani ya Nairobi, hewa ya Mombasa: uchambuzi wa kisa cha Subaru STI ya mwaka 2004

Kisa hiki kinahusu gari moja, Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004 iliyoingia Kenya ikiwa imetumika Japani, na mwenye gari aliyelipia kazi ya kupanga upya kompyuta ya injini akaishia na injini iliyoanza kujiumiza. Baada ya hapo aliamua kujifunza kazi hiyo, si kwa nia ya kuwa fundi, bali apate maarifa ya kumwezesha kumchagua fundi na kuisoma kazi yake. Majina, gereji, tarehe na namba za usajili vimeondolewa. Mimi niliitwa baada ya uharibifu kuanza, kwanza nikiwa msomaji wa takwimu na baadaye mshauri. Maamuzi mawili kati ya nitakayoyaeleza yalikuwa yangu, na moja kati ya hayo lilikuwa kosa.

Usuli

Injini ya gari hili ni EJ207, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na turbo moja, na kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvufarasi 280. Ramani yake ya asili, yaani majedwali yaliyomo ndani ya kompyuta yanayoamua mafuta yamwagwe kiasi gani, plagi itoe cheche lini na turbo isukume hewa kwa shinikizo gani, ilitayarishwa kwa petroli bora ya Japani ambayo huuzwa kwa okteni 100 (okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe). Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo, kwa hiyo hata kabla ya mtu kugusa chochote, gari la namna hii linakunywa mafuta ambayo halikupangiwa.

Mmiliki wa awali alikuwa ameondoa katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi, na kufunga ekzosti pana, kisha akatoa boksi la kichujio cha hewa la kiwandani na kuweka kichujio cha wazi chenye bomba pana zaidi. Mabadiliko haya mawili yanaonekana madogo kwa macho, lakini la pili ni zito sana. Sensa ya kupima hewa hukaa ndani ya bomba hilo na hupima uzito wa hewa kwa namna hewa inavyoupoza waya wake. Bomba likipanuliwa, kiasi kile kile cha hewa hupita taratibu zaidi, sensa huripoti hewa pungufu, na kompyuta ikiiamini humwaga mafuta machache na kuwahisha cheche kuliko inavyopaswa.

Inafaa pia kueleza namna kompyuta hii inavyojilinda, kwa sababu kisa chote kimejengwa juu ya jambo hilo. Kwenye bloku kuna sensa inayosikiliza mtetemo wa mchanganyiko unaolipuka wenyewe nje ya wakati wake. Mafundi wengi wakisema injini inagonga humaanisha bereng'i za konrodi zimekwisha. Hapa nazungumzia ugongaji mwingine kabisa, wa mlipuko, ambao mara nyingi sikio halisikii. Kompyuta ikiusikia huchelewesha cheche papo hapo. Ukirudia mahali pale pale, huandika marekebisho ya kudumu kwa eneo hilo la mzigo wa injini na mizunguko yake, na hali ikizidi hupunguza kipimo cha jumla kiitwacho IAM, ambacho kwenye kompyuta za kizazi hiki huhesabiwa hadi 16. Kipimo kikiwa 16, injini inatumia cheche yote iliyopangiwa. Kikishuka, kompyuta imekwisha kukosa imani na mafuta au na ramani yenyewe.

Mfuatano wa matukio

Mwenye gari alimwita fundi mmoja aliyesifiwa na wenzake. Fundi alikuja na kompyuta mpakato, akasoma programu iliyokuwemo, akaandika nyingine kwa muda usiofika saa moja, wakatoka barabarani mara mbili, akalipwa. Hakuacha faili la asili wala karatasi yoyote ya takwimu. Gari lilivuta kwa nguvu zaidi, na kwa wiki kadhaa mwenyewe aliridhika.

Mwezi wa Desemba alishuka na familia hadi Mombasa. Wakati wa kurudi, mchana, gari likiwa limejaa mizigo, alipanda mlima wa Mazeras akiyapita malori. Hapo alisikia, kwa maneno yake, kama changarawe ikitikiswa ndani ya kopo, kwa sekunde mbili hivi, kisha gari likalegea. Taa ya injini haikuwaka. Geji ya turbo ilionyesha baa 1.2 kama ilivyoonyesha Nairobi siku zote, na hilo ndilo lililomtuliza akaendelea na safari.

Alipofika Nairobi gari lilikuwa zito. Fundi wa jirani alimshauri atoe waya wa betri kwa nusu saa. Alifanya hivyo, na nguvu zikarudi. Kilichotokea ni kwamba kompyuta ilisahau kila ilichojifunza kule Mazeras: marekebisho yote yalifutika, IAM ikaanza upya, na ushahidi pekee uliokuwepo ukapotea pamoja navyo. Wakati wa Pasaka alishuka pwani tena, likatokea lile lile, na betri ikatolewa tena. Nilipomuuliza kwa nini hakushtuka mara ya pili, alinijibu, "Fundi, taa haikuwaka." Jibu hilo lilinihuzunisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba gari lake halina taa ya jambo hilo.

Niliomba plagi zitolewe kabla ya lolote. Tatu zilikuwa safi kiasi. Ya silinda ya nne ilikuwa na vinukta vyeusi na vingine vya rangi ya fedha juu ya kauri yake nyeupe, vidogo kama unga wa pilipili manga. Vile vya fedha ni alumini, na alumini hiyo ilitoka kwenye pistoni.

Hatua ya kwanza: kujua hali ya chuma

Gereji ilipima mgandamizo na ikataka kuihukumu injini nzima, kwa sababu silinda zote nne zilisoma chini ya kiwango cha kitabu. Hapa palihitaji utulivu. Nairobi iko juu karibu mita 1,800, na hewa ya nje ina shinikizo la takriban kilopaskali 82, wakati pwani ni 101. Injini nzima kabisa itasoma pungufu kwa karibu asilimia 19 hapa, kwa kuwa inaanza na hewa nyepesi. Tulitumia badala yake kipimo cha uvujaji, ambacho huingiza hewa ya kompresa ndani ya silinda na kutazama asilimia ngapi inatoroka, na ambacho mwinuko hauna uwezo wa kukidanganya vile. Silinda tatu zilikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Ya nne ilikuwa 14, na hewa ilisikika ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, yaani ilikuwa ikipita kwenye ringi.

Injini ilikuwa imeumia, lakini ilikuwa bado hai.

Maamuzi: fundi, au masomo?

Palikuwa na njia nne mezani. Ya kwanza ilikuwa kumtafuta fundi mwingine wa hapa na kumkabidhi gari. Ya pili ilikuwa kumlipa mtaalamu wa mbali, anayefanya kazi kwa kupokea takwimu zilizorekodiwa na kurudisha faili. Ya tatu ilikuwa kutupa kompyuta ya kiwandani na kufunga ya kujitegemea, ambayo hupangwa tangu mwanzo. Ya nne ilikuwa mwenye gari ajifunze mwenyewe.

Ya tatu tuliiondoa haraka. Kompyuta ya Denso ya Subaru za miaka hiyo ni miongoni mwa zilizochunguzwa sana duniani. Majedwali yake yamefafanuliwa na watu waliojitolea, na programu za bure kama RomRaider na EcuFlash hutumika kuyasoma, kuyarekebisha na kuyaandika. Hapakuwa na sababu ya kuacha chombo kinachoeleweka ili kununua kigeni. Ya kwanza ilimtisha mwenye gari, na kwa haki, kwani hakuwa na njia ya kumpima fundi wa pili tofauti na alivyompima wa kwanza, yaani kwa sifa alizozisikia.

Tulichagua mchanganyiko wa ya pili na ya nne kwa mpangilio maalumu. Angejifunza kwanza kurekodi na kusoma, kwa miezi miwili, bila kuandika namba hata moja ndani ya kompyuta. Baada ya hapo angemtafuta mtaalamu wa mbali, na mahojiano yake na mtaalamu huyo yangetokana na takwimu zake mwenyewe. Kuandika kungekuja mwisho kabisa. Sababu ni kwamba kurekodi hakuharibu kitu, na mtu anayejua kusoma rekodi hawezi tena kudanganywa na gari linalovuta vizuri kwa siku moja.

Miezi miwili ya kusoma

Alinunua kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, halisi, baada ya kurudisha ya bandia iliyokatika mawasiliano kila baada ya dakika chache. Kosa lake la kwanza lilikuwa la bidii: alichagua kurekodi vitu zaidi ya 40 kwa pamoja. Kompyuta za wakati huo huzungumza kupitia waya mmoja kwa kasi ya bodi 4,800, na ukiomba mengi unayapata kwa uchache sana. Rekodi yake ilikuwa na mistari miwili kwa sekunde, na ugongaji wa mlipuko unaweza kuanza na kuisha katikati ya mistari hiyo. Tulibakiza vitu kumi na viwili: mizunguko, mzigo kwa gramu za hewa kwa mzunguko, volti za sensa ya hewa, cheche, marekebisho ya ugongaji ya papo hapo, yale yaliyojifunzwa, IAM, marekebisho ya mafuta ya papo hapo na ya muda mrefu, shinikizo la turbo, kiwango cha kufunguka kwa throto na joto la hewa inayoingia. Tulifunga pia sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye ekzosti, kwa kuwa ya kiwandani haiaminiki injini inapovuta kwa mchanganyiko mzito wa mafuta.

Wiki ya kwanza ilionyesha marekebisho ya muda mrefu ya asilimia 11 juu, yaani kompyuta ilikuwa ikiongeza mafuta daima kuliko hesabu yake yenyewe. Nikashuku hosi. Tulipuliza moshi kwenye njia ya hewa, na moshi ukatokea kwenye mpasuko chini ya hosi inayotoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa cha turbo), mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa. Niliagiza hosi ibadilishwe na nikamruhusu kulijaribu gari kwa nguvu jioni ile ile. Sikukumbuka kwamba mpasuko ule, turbo inaposukuma, ulikuwa ukitoa nje hewa iliyokwisha kupimwa, na hivyo kuufanya mchanganyiko uwe mzito. Ulikuwa ukificha kosa la bomba pana la kichujio. Hosi ilipobadilishwa, uwiano wa hewa na mafuta kwenye mvuto kamili ulipanda kutoka 11.2 hadi 12.5, yaani mafuta yalipungua, kwa mvuto mmoja wa gia ya tatu, na IAM ikashuka hadi 12 tukiitazama. Aliachia mafuta mara moja. Tulirudi gereji kwa mwendo wa mkokoteni, na siku ile niliandika kwa mkono wangu kwenye daftari lake kwamba kila kasoro inayorekebishwa inalirudisha gari kwenye mwanzo wa vipimo, hata kama ni kasoro ya hosi.

Baada ya hapo niliamua boksi la hewa la kiwandani lirudi. Mwenye gari alisita, kwani sauti ya kichujio cha wazi humvutia kila mpenda Subaru. Hoja yangu ilikuwa kwamba kiwanda kilikwisha kuipima sensa ndani ya boksi hilo kwa uangalifu ambao sisi tungehitaji wiki nyingi kuufikia, na nguvu inayopotea ni ndogo. Boksi lilipatikana kwa wauza vipuri vya mtumba huko Grogan. Marekebisho ya mafuta yalishuka hadi ndani ya asilimia 3, na yakabaki hapo.

Faili mbili kando kwa kando

Tulisoma programu iliyokuwemo ndani ya gari na kuilinganisha na ya kiwandani yenye nambari ile ile ya utambulisho. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha mambo matatu tu: ameongeza shinikizo lengwa la turbo, ameongeza digrii 3 za cheche kwenye safu zote za mzigo mkubwa, na amezima ukaguzi wa katalisti. Jedwali la sensa ya hewa hakuligusa kabisa, ingawa alikiona kichujio kwa macho yake.

Rekodi za Nairobi zilieleza kilichobaki. Kwenye mvuto kamili, mzigo haukupita gramu 2.4 kwa mzunguko. Safu za 2.6 na kuendelea hazikuwahi kutembelewa hata mara moja, na zile digrii 3 za ziada zilikuwa zimekaa humo zikisubiri. Tazama hesabu yenyewe. Geji ya turbo husoma shinikizo lililo juu ya hewa ya nje, si shinikizo lote. Baa 1.2 Nairobi ni kilopaskali 120 juu ya 82, jumla 202. Baa 1.2 Mazeras, karibu na usawa wa bahari, inakaribia 220. Sindano imesimama mahali pale pale, lakini ndani ya silinda imeingia hewa ya ziada inayokaribia sehemu moja ya kumi, tena ya moto, tena kwa petroli ya okteni pungufu. Mwenye gari alipoona namba hizo mbili zimeandikwa moja chini ya nyingine alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba aziandike mwenyewe.

Kuandika

Kwa mtaalamu wa mbali alipeleka maswali matatu. Je, atapokea rekodi kabla ya kutuma faili lolote? Je, faili litaachwa wazi ili lisomeke? Je, safu za mzigo ambazo gari halijazifikia atazijazaje? Wawili walijibu bei tu. Wa tatu alijibu swali la mwisho kwa aya nzima, akaomba joto la hewa la Mombasa na kiwango cha okteni cha mafuta yanayopatikana njiani. Huyo ndiye aliyepewa kazi.

Ramani ilianzia kwenye ya kiwandani, si ya fundi wa kwanza. Cheche ilipunguzwa digrii 2 hadi 3 kwenye mzigo mkubwa kwa ajili ya petroli yetu, safu ambazo hazijatembelewa zikapunguzwa zaidi ya zilizotembelewa, na asilimia ya valvu inayodhibiti turbo ikashushwa kwa sababu ekzosti pana ilikuwa ikiipitisha shinikizo lengwa.

Kazi ya kuandika aliifanya mwenyewe nikiwa kando yake. Tulichomeka chaja kwenye betri, tukazima hali ya usingizi ya kompyuta mpakato, tukaunganisha viunganishi viwili vya kijani vilivyo chini ya dashibodi. Ufunguo ulipowashwa, feni za rejeta zilianza kuzunguka na kusimama, kuzunguka na kusimama, na pampu ya mafuta ikasikika nyuma ikifanya vivyo hivyo, dalili kwamba gari liko katika hali ya majaribio. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kubaki bila programu inayotosha kuiamsha, na hofu yake ilikuwa na msingi.

Faili lilirekebishwa mara tano kwa muda wa wiki sita. Katikati, bila kuniambia, alibadilisha jedwali la sensa ya hewa na muda wa injekta (vinyunyizio vya mafuta) kufunguka kwa siku moja, akitumia rekodi za foleni ya Thika Road injini ikiwa imechemka. Gari likawa linazimika likisimama, na kwa kuwa alikuwa amegusa mambo mawili hakuweza kujua ni lipi. Alirudisha faili la awali. Tangu siku ile hubadilisha jedwali moja kwa faili moja.

Matokeo

Kipimo cha mwisho kilifanyika pwani. Tulishuka wawili, na kwenye mlima ule ule, kompyuta mpakato ikiwa mapajani mwangu, mzigo ulifika gramu 2.6. IAM ilibaki 16. Eneo moja, karibu na mizunguko 4,000, lilionyesha marekebisho ya digrii 1.4, na likapunguzwa cheche jioni hiyo hotelini. Asubuhi iliyofuata halikuonyesha kitu. Kwenye dino, yaani mashine ya kupimia nguvu, ya Nairobi gari sasa linatoa nguvu pungufu kidogo kuliko lilivyotoa chini ya fundi wa kwanza.

Tathmini

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa kusoma kabla ya kuandika, kwa sababu kasoro nzito zaidi mbili, hosi na kichujio, hazikuwa za kompyuta, na ramani yoyote iliyoandikwa juu yake ingekuwa ya uongo. Kilichofaa pia ni kupima pale gari linapoteseka. Anayeishi nyanda za juu na kusafiri pwani ana magari mawili kwa mtazamo wa kompyuta, na jedwali la fidia ya hewa ya nje, ingawa lipo, hurekebisha shinikizo lengwa tu. Halirekebishi cheche iliyopangwa vibaya.

Simlaumu fundi wa kwanza kwa kuongeza nguvu, kwani ndicho alichoombwa. Namlaumu kwa kuzijaza safu ambazo hakuzipima, na kwa kuondoka bila kuacha rekodi, jambo lililomnyima mteja wake lugha ya kulalamika. Ushauri wa kutoa betri ulikuwa wa nia njema na ulifanya madhara makubwa vilevile: laiti kebo ingechomekwa siku ile ya Desemba, safari ya Pasaka isingefanyika kwa ramani ile. Kosa langu la jioni ya hosi liligharimu mvuto mmoja tu, lakini kwa silinda iliyokwisha kuumia mvuto mmoja si jambo la kupuuza.

Uvujaji wa silinda ya nne ulipimwa tena mwezi uliopita. Uko asilimia 15. Tumekubaliana kwamba ukifika 20 injini inashushwa, na utapimwa tena kabla ya safari ya Desemba.